Mjomba, Difu Yako Inataka Oili Gani?

Mpendwa Mjomba Bakari,

Shikamoo. Marahaba yako leo nitajiitikia mwenyewe, kwa sababu nina habari na haingoji. Ni habari ya gari. Najua ungekuwa hapa ungeshanikatiza: "Sema basi, Somoe, limefanya nini?" Usiniharakishe. Leo dereva ni mimi. Wewe kaa kiti cha abiria, funga mkanda, na usinigusie gia.

Naiandika barua hii wazi, kila mwenye macho aisome, maana kuna watu pale Masasi mjini walioniambia kwamba oili ni oili, na nataka na wao iwafikie. Nilikuwa na hasira nao, wallahi. Sasa nina furaha kubwa kiasi kwamba hasira imepungua, ingawa haijaisha yote.

Unakumbuka siku uliyotushika mikono mimi na mama uani kwetu Kitangari? Ulikuwa umepanda kutoka Masasi baada ya kufunga duka lako la vitenge, na lile gari lako jeupe lilikuwa bado linafuka joto. Nilikuuliza difu ni kitu gani, swali dogo tu la mtoto wa shule, na wewe ukaacha chakula kikapoa. Ukatushikanisha mikono, ukasema tulizunguke jiko la nje pamoja bila kuachiana. Mama alikuwa upande wa ndani, anapiga hatua mojamoja kwa maringo. Mimi upande wa nje nakimbia mpaka kandambili zinanivuka. "Mmeona?" ukasema. "Hayo ndiyo magurudumu ya nyuma kwenye kona. La nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Kinachoyaruhusu yaende mwendo tofauti na bado yasukume gari, ndiyo difu." Mama akauliza kama sasa anaweza kurudi kwenye mboga zake.

Hukumwachia. Ukamwambia ajifanye amekanyaga tope, na yeye akajifanya anateleza, huku amekukunjia uso. Ukasema difu ya kawaida, gurudumu moja likiteleza, nguvu zote zinakimbilia kwake, na mwenzake anabaki amesimama anashangaa. Lakini difu ya gari lako ni ya kubana. Ndani ina sahani nyembamba zilizopangwa, zinayashika magurudumu yote mawili ili yasukume pamoja hata moja likiwa kwenye kokoto. Ndiyo maana kwenye zile kona za kupanda Newala gari lako lilikuwa linatikisa mkia kidogo tu, halafu linajivuta mbele, na mimi nashika mlango kwa mikono miwili nikiomba dua zote ninazozijua. Wewe ulikuwa unaniambia nifumbue macho, nitakosa utamu.

Basi mimi sikufumba tena. Nilitaka kujua kila kitu. Ulinilaza chini ya gari na sare zangu za shule, mama akalalamika wiki nzima, na ukaniambia maneno ambayo mpaka leo nikishika spana yananijia na sauti yako: fungua kwanza nati ya kujazia, ndipo ufungue ya kumwagia, kwa sababu ukishamwaga oili halafu ya kujazia ikagoma, umebaki na difu kavu na gari haliendi popote. Ulinipa niinuse oili mpya, inanuka kiberiti. Ulinipa niisugue vidoleni. Ukasema watu wengi wananunua oili ya difu kwa mazoea, wanaangalia jirani ametia nini. "Usimuulize jirani," ukasema. "Uliulize gari."

Halafu ukaugua.

Sitaiandika sana sehemu hiyo, unaijua kuliko mimi. Ulilala chumba cha mbele kwa mama, dada yako wa pekee, na mama hakukuachia mtu. Mwishoni hukuwa unaongea. Ulikuwa unaguna tu, chini kwa chini, na kila ukiguna mama anakuitikia, kana kwamba umesema jambo la maana na anakubaliana nawe. Mimi nilikuwa nakaa kibarazani nasikia mazungumzo yenu hayo. Nilikuwa nalia kimyakimya, nisije nikawakatiza.

Tulipomaliza arobaini wazee walikaa. Hukuacha mtoto, na kwetu unajua, cha mjomba kinarudi kwa dada yake na watoto wa dada. Gari likaja uani kwa mama, ufunguo nikapewa mimi, na neno la mwisho likabaki kwake. Nilifurahi mpaka nikaona haya, maana watu walikuwa bado wana sura za msiba.

Sasa hapo ndipo balaa lilipoanza. Mjomba, gari lilikuwa linaguna.

Barabara iliyonyooka, hakuna tatizo, linatambaa vizuri. Lakini ukilipunguza mwendo ukakata kona kali, kama ile ya kuingia uani kwetu, huko nyuma linatoa mguno mzito, mrefu, wenye mtetemo, wa mtu anayegeuzwa kitandani. Siku ya kwanza nililiingiza uani mama alikuwa ameketi na sinia la ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, anamenya. Likaguna. Akaliweka sinia chini, akanyanyuka, akaingia ndani na kufunga mlango. Ming'oko nikaimalizia mimi.

Nilidhani amechoka. Ikatokea tena kesho yake, na keshokutwa. Mwisho nikamfuata chumbani. Akaniambia bila kunitazama, "Lile gari linaguna kama Bakari." Kisha akasema kuna bwana wa Nanganga mwenye pikapu ya abiria, ameulizia, anaitaka ile difu na injini, na atakuja kulichukua Jumamosi.

"Mama, hilo ni gari la Mjomba."

"Najua ni la nani. Ndiyo maana silitaki."

Nikamwambia si gari linaloumwa, ni oili. Nikamwambia linaweza kunyamaza. Akaniangalia kwa huruma, ile huruma mbaya ambayo watu wanampa mtu anayekataa kuukubali msiba. Akasema, "Haya. Likinyamaza kabla ya Jumamosi, libaki. Lisiponyamaza, usinililie." Nikakubali papo hapo, nikijua fika kwamba mama akisema neno harudi nalo nyuma.

Nikaanza kuuliza nani alilihudumia ulipokuwa kitandani. Kumbe fundi mmoja alilibadilisha oili kwa nia njema kabisa, akatia oili nzito, namba mia na arobaini. Unawajua watu wetu. Malori ya korosho yanapanda na kushuka uwanda huu mwaka mzima, madereva wake wanaapa kwa oili nzito, na kila chombo chenye magurudumu kinachopanda Newala lazima kinyweshwe hiyohiyo. Wanaipenda oili nzito kama wanavyoupenda uji mzito, wanaona chepesi hakishibishi. Kwa lori lililobeba magunia hawajakosea. Lakini zile sahani zako nyembamba zinataka oili inayopenya katikati yao, na iwe na ile dawa ya kuzifanya ziteleze kwa ulaini. Bila dawa zinang'ang'aniana, zinaachiana ghafla, zinang'ang'aniana tena. Huo ndio mguno.

Nilipolijua hilo, Mjomba, nilicheka peke yangu. Haikuwa sahani zimekufa, haikuwa meno yamekatika. Gari lilikuwa linaomba chakula chake tu.

Alhamisi asubuhi nikashuka Masasi. Mama alinipa dumu dogo la kubebea, na kama ilivyo desturi yetu alilisuuza kwanza. Sisi wa huku juu hatumpi mtu dumu bila kulisuuza, hata kama maji yenyewe yametoka mbali kichwani.

Duka la kwanza nikasema nataka oili ya difu ya sabini na tano kwa tisini, daraja GL-5, na iwe imeandikwa LS, maana difu yangu ni ya kubana. Muuzaji akanichukulia namba mia na arobaini.

"Malori yote ya korosho yanatumia hii, dada."

"Mimi sina lori."

"Gari lako linapanda Newala?"

"Linapanda."

"Basi ni lori."

Nikatoka. Duka la pili walikuwa nayo ya GL-5, namba zote sawa, ila haina LS. Muuzaji akaniambia ni ileile, hizo ni herufi tu, kampuni zinapenda kupamba madumu. Nikamuuliza kama difu yake imewahi kuguna. Akaniuliza kama mume wangu anajua kuwa niko mjini natafuta oili. Mjomba, nilishika kiuno pale nikamjibu majibu ambayo siyaandiki, kwa heshima yako. Duka la tatu wakanipa nyekundu ya giaboksi ya otomatiki. Hao sikuwajibu kabisa.

Nikaipata kwa mama mmoja karibu na stendi, Mama Fadhili, ambaye alikuwa na kopo kubwa lililoagizwa kwa ajili ya pikapu za mradi fulani, na anauza kwa kupima. Nilisoma ubavuni mwa kopo: namba ndizo, daraja ndilo, na zile herufi mbili zimekaa. Nikamwomba nisome tena. Akaniambia, "Soma tu, haifutiki." Nikampa dumu, akanijazia, nikalipakata kwenye pikipiki mpaka Kitangari, mashimo yote ya njia naliinua lisigonge.

Nilipofika sikutaka kuitia moja kwa moja. Nikamimina kidogo kwenye bakuli jeupe, nikuringishie huko uliko. Oili nzuri ina rangi ya asali. Hii ilikuwa imegeuka chai ya maziwa.

Maji. Nikaligeuza dumu, nikalitikisa, sikuelewa yalikokuwa. Mama akasogea, akatazama bakuli, akatazama dumu, akaingiza kidole pale mkono wa dumu unapoanzia. Ule mkono uko wazi ndani, na maji ya kusuuzia yalikuwa yamejificha humo. Safari nzima nimeyakoroga na oili kwa mikono yangu mwenyewe. "Ni mimi," akasema. "Nililisuuza."

Nitakuambia ukweli, nilimtazama vibaya. Yeye ndiye aliyetaka gari liuzwe, na shetani yuko karibu na mtu mwenye hasira. Akaliona jicho langu. Hakujitetea. Alilichukua dumu, akalitundika mdomo chini juu ya fito za jikoni palipo na jua, na kila baada ya muda analitoa, analikung'uta, anazungushia kipande cha khanga kwenye kijiti na kukisukuma ndani ya ule mkono. Kesho yake asubuhi aliniletea. "Lamba ukitaka," akasema. Lilikuwa kavu kama unga. Nikaona aibu, nikabusu mkono wake, nikashuka tena Masasi.

Mama Fadhili aliponiona akadhani difu imekunywa yote.

Jumamosi nimeamka na ndege. Gari nimelipandisha kwenye mawe kwa jeki, likakaa sawasawa pande zote, nikajilaza chini. Nati ya kujazia kwanza, Mjomba. Iligoma, nikaitia mafuta, nikaigonga kidogo, nikajikaza kisabuni, ikaachia. Ndipo nikafungua ya kumwagia. Ile oili nzito ikatoka taratibu kwa uvivu, nyeusi, inanuka moto. Kwenye sumaku ya nati kulikuwa na unga laini wa chuma na hakuna kipande. Nilikaa pale chini nikaupangusa unga ule kwenye gauni langu kwa raha. Kisha nikajaza ile ya rangi ya asali mpaka ikaanza kudondoka yenyewe tunduni, nikafunga, nikatoka.

Nikalishusha kwenye mawe, nikaliwasha, nikalitoa uani. Pale kwenye kona likaguna.

Mama alikuwa mlangoni. Bwana wa Nanganga naye alikuwa ameshafika, mtu mpole, ana kofia yake safi, amekaa kibarazani na kikombe cha chai. Akanihurumia. "Usijali, binti, mimi nitalichukua hivyohivyo."

Lakini nilikumbuka kitu ulichonifundisha: sahani zimelowa oili ya zamani, hazijainywa mpya, lazima ulizungushe gari polepole kwa umbo la nane, kulia na kushoto, ili oili iingie katikati yao. Nikaenda kiwanja cha mpira. Nikaanza kuandika nane kwenye mchanga, mwendo wa mtu anayefuata jeneza. Linaguna. Nazunguka, linaguna. Watu wakaanza kukusanyika. Wanawake wenye ndoo vichwani wakasimama. Mzee mmoja akamuuliza mama, "Mama Somoe, mtoto ana nini?" Mama akajibu, "Ana gari." Bwana wa Nanganga alikuwa amekuja na kikombe chake mkononi.

Jasho lilinitiririka. Mikono ikauma. Nikaanza kusema na gari, nikaanza kusema na wewe, nikikuuliza nimekosea wapi. Kulia, kushoto. Halafu nikasikia mguno umekuwa mfupi. Nikadhani najidanganya. Kushoto, kulia. Ukawa wa kukata tu, kama mtu anayekohoa kidogo kabla ya kusema. Kulia. Kushoto. Nikasikia mbuzi upande wa pili wa kiwanja. Nikasikia mchanga chini ya tairi. Sikusikia kitu kingine.

Nikazunguka tena, nikakata kona mpaka usukani ukagoma. Kimya. Mjomba, nilipiga honi kwa furaha mpaka ndoo moja ikamwagika, na mwenye ndoo akanitukana, na nikamshukuru.

Mama alitembea moja kwa moja katikati ya kiwanja mpaka nikalazimika kusimama. Akafungua mlango, akaketi, akakusanya khanga yake vizuri. "Zungusha." Nikazungusha. Akainamisha kichwa upande wa nyuma, anasikiliza kama anavyosikiliza watu wakimdanganya. "Tena." Nikazungusha tena. Akashusha kioo, akamwambia yule bwana wa Nanganga, kwa adabu kabisa, amalizie chai yake bila haraka, gari haliuzwi. Bwana akacheka, akasema hata yeye angekuwa mahali petu asingeliuza.

"Haya," mama akaniambia. "Nipeleke Newala."

Nilimpeleka. Kwenye kona ya kwanza niliogopa, nikaenda polepole, nikajua akisikia hata kitu kidogo yataanza upya. Hakusikia kitu. Akaniuliza mbona naendesha kama nimebeba mayai. Kona ya pili nikaongeza. Ya tatu nikakanyaga, mkia ukatikisika kidogo, sahani zikashika, gari likajivuta mbele lenyewe kama zamani, na nikamtupia mama jicho. Macho yake yalikuwa wazi kabisa, na machozi yanamtoka.

Nikataka kusimama. Akanizuia.

"Tangu tumzike," akasema, "kila nikitaka kumkumbuka nilikuwa nasikia kule kuguna tu. Nimemlea kwa mgongo wangu, nimemjua maisha yake yote, na sauti yake yote ilikuwa imenipotea, imebaki ile moja. Nilikuwa naogopa itakuwa hivyo mpaka nife." Akajifuta kwa pembe ya khanga. "Sasa hivi hapo konani nimemsikia anacheka."

"Anacheka vipi, mama?"

Akafikiri kidogo, kisha akanionyesha. Alianzia puani, akakata pumzi, akamalizia na kamlio kembamba kooni. Na Mjomba, ulikuwa ni wewe. Ulikuwa wewe mtupu ndani ya gari lako, kutoka kinywani mwa dada yako, kwenye kona ya kupanda Newala. Nikamwambia arudie. Akarudia mpaka tukafika.

Mungu akulaze mahali pema, Mjomba wangu. Huku tunakusikia vizuri.

Mpwa wako,
Somoe